Tendo Linapomfikia Mtu: Juu ya Uhusika wa Mpewa na Kauli ya Kutendea

Kijijini Mabawe, katika wilaya ya Ngara, ambako maharage hupandwa chini ya migomba mpaka ukingoni mwa njia, na ambako mbuzi aliyekata kamba huweza kuwagombanisha majirani waliokaa kwa wema miaka mingi, niliombwa siku moja na mzee wa nyumba kumi nimwandikie malalamiko ya mama mmoja, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yamekwisha kudhoofika. Mama alisema maneno machache tu: "Mbuzi wake amenilia maharage." Nami, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa na lugha ya maofisi, nikaandika kwamba mbuzi wa mlalamikiwa alikula maharage ya mlalamikaji. Nilipomsomea akatikisa kichwa.

"Mwalimu, sivyo nilivyosema. Umeandika amekula. Mimi nimesema amenilia."

Nikamwuliza, "Mama, tofauti iko wapi, maadamu maharage ni yale yale na mbuzi ni yule yule?"

Akajibu, "Ukiandika amekula, hiyo ni habari ya mbuzi. Mimi nimeleta habari yangu."

Nimeifikiria kauli hiyo muda mrefu, na kila nilipoirejea nimeiona kuwa ni fasili ya jambo ambalo wanasarufi wa mataifa mengi wamelihangaikia tangu zama za Wayunani, nalo ni uhusika wa mpewa, au dativu kama unavyoitwa katika vitabu vya Kizungu. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba jina hilo la mpewa, ijapokuwa ni la kale na la heshima, limetuficha kiini cha jambo lenyewe. Kwamba kiini hicho ni kufikiwa na tendo, ama kwa heri ama kwa shari. Na kwamba Kiswahili, ambacho hakina alama yoyote ya dativu katika nomino zake, kimekihifadhi kiini hicho ndani ya kitenzi kwa ukamilifu ambao sisi tunaoandika kila siku tumeanza kuupoteza.

Wayunani waliuita uhusika huo kwa neno litokanalo na kitenzi chao cha kutoa, na Warumi wakalitafsiri kwa neno *dativus*, kutokana na *dare*, maana yake kutoa au kupa. Na tangu hapo kila mwanafunzi wa Kilatini amefundishwa kwamba *puer* ni mtoto atendaye, na *puero* ni mtoto apewaye. Walakini hao hao Warumi walijua vyema kwamba nomino yenye alama ile haikuwa ya wapewa peke yao. Waliiweka pia juu ya mtu aliyefaidika na tendo na juu ya mtu aliyedhurika nalo, hata walimu wa Kilatini wakalazimika kuzigawa dativu hizo katika mafungu, dativu ya manufaa na dativu ya hasara, na nyingine kadha wa kadha. Wajerumani, walioitawala nchi yetu hii zamani, wanayo dativu hai mpaka leo, nao humtilia alama hiyo mtu aliyefiwa na mama yake kama wanavyomtilia mtu aliyepewa mkate. Sasa mfiwa amepewa nini? Hapana alichopewa. Amefikiwa.

Ama Waarabu, ambao nahau yao ndiyo iliyosomwa kwanza pwani yetu, na ambao kijitabu chao cha *Ajurrumiyya* kimepita mikononi mwa wanafunzi wa vyuo vya Lamu na Unguja vizazi kwa vizazi, wao hawakuuweka uhusika wa mpewa kuwa fungu la pekee. Wanayo irabu ya *raf'*, ya *nasb* na ya *jarr*, basi. Na kitenzi chao cha kutoa huchukua mayambwa mawili, yote mawili kwa *nasb*, mpewa na kipewacho vikisimama kwa alama moja. Penye haja ya kuonyesha kwamba jambo ni la mtu fulani au limekusudiwa yeye, huiita herufi ya *lam*, ile tuisikiayo kila siku katika neno *alhamdulillahi*. Hivyo mwalimu wa pwani aliyeijua nahau ya Kiarabu barabara, lau angeulizwa habari za dativu, angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba jambo hilo halihitaji fungu lake. Na mmisionari aliyetoka na Kilatini chake angesema kwamba lugha isiyo na fungu hilo ina upungufu. Wote wawili wangekuwa wameitazama nomino, ilhali Kiswahili jambo hili kimeliweka kwenye kitenzi.

Namna ya kuliweka inajulikana kwa kila mtu aliyesoma darasani, nami nitaipitia kwa haraka. Kitenzi hupokea *-i-* au *-e-* kwa kufuata irabu ya mzizi, ndipo tunasema pikia, andikia na fungia, lakini letea na somea. Na pale ambapo mzizi umeishia kwa irabu, *l* ya kale hurudi mahali pake, tukasema nunulia, kimbilia, pokelea. Maneno ya Kiarabu nayo yametiishwa na kanuni hiyo hiyo bila taabu, rudi ikawa rudia, fikiri ikawa fikiria, sahau ikawa sahaulia. Kisha yule mtu aliyefikiwa na tendo hupewa kiambishi chake mbele ya mzizi, na nomino yake hukaa karibu na kitenzi kuliko nomino ya kitu: nilimnunulia mtoto viatu. Katika shule za Kenya mtoto huyo huitwa shamirisho kitondo na viatu huitwa shamirisho kipozi. Kwetu Tanzania wengi husema yambwa tendewa na yambwa tendwa. Majina si neno. Lenye uzito ni kwamba mtoto ndiye aliyekikaribia kitenzi na kuingia ndani yake, na viatu vimebaki nje.

Askofu Edward Steere, alipokitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, aliiita kauli hii ya kutendea kwa neno lenye maana ya kitenzi kilichoelekezwa kwenye kitu, na nadhani alikuwa karibu na haki. Bibi E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya mwaka 1944 imewafunza wageni wengi mno na wenyeji si haba, aliipa jina litokanalo na kihusishi, kana kwamba kitenzi kimekimeza kihusishi cha Kiingereza na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kukitapisha. Simshutumu, kwa sababu aliwaandikia watu waliofikiri kwa Kiingereza, na kitabu chake kina mambo ya thamani kubwa. Lakini jina hilo limetuletea madhara, kwani limewafanya hata wenye lugha waamini kwamba *nimemnunulia* ni mkato wa *nimenunua kwa ajili yake*, na kwamba maneno haya mawili ni sawa sawa kama pande mbili za sarafu. Hayako sawa, nami nitalithibitisha hilo kabla sijaweka kalamu chini.

Tutazame kwanza upana wa maana zake. Mama akimpikia mwana, mwana amefaidika. Mbuzi akimlia jirani maharage, jirani amedhurika, na umbo la kitenzi ni lile lile. Mvua ikininyeshea njiani, mvua haikukusudia neno, lakini mimi nimelowa. Mtoto akililia pipi, pipi haijafaidika wala haijadhurika. Ni shabaha ya kilio. Mtu akihama Ngara na kuhamia Biharamulo, kitenzi cha kwanza kinatazama alikotoka na cha pili kinatazama atakakofika. Kisu cha kukatia nyama ni chombo, maji ya kunywea dawa ni chombo, na mahali pa kuogea ni mahali. Wako wataalamu waliotaka kuzitenga maana hizi kama kwamba kila moja ni kiambishi chake, kilichofanana na vingine kwa sadfa tu. Mimi sioni hivyo. Katika kila mfano tendo lina upande wake wa mwisho, pale linapotua. Na kazi ya kiambishi hiki ni kumleta mbele yule au kile ambacho tendo limetua kwake. Mtu akiwapo, hutua juu ya mtu. Mtu asipokuwapo, hutua juu ya mahali, chombo au sababu.

Ithibati nzuri ya hayo tunayo hapa hapa Ngara. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na makambi yakaota Benaco na kwingineko mahali palipokuwa na pori. Watu wale tuliwaita wakimbizi, jina litokanalo na kukimbia, ambalo linasema walichokiacha na halisemi neno juu ya walikofika. Lakini lugha ilikuwa nalo pia neno kimbilio, litokanalo na kukimbilia, na neno hilo haliwezi kutamkwa bila ya kuwapo mahali pa kupokea. Silabi moja imetenga habari ya anayetoroka na habari ya anayepokea. Watu wa Ngara walikuwa ndani ya silabi hiyo.

Na mahali pengine silabi hiyo ni suala la uhai wa mtu. Kumuuza mtu na kumuuzia mtu ni mambo mawili ambayo pwani yetu iliyajua yote mawili kwa karne nyingi. Na kila mtoto wa Kiswahili, kabla hajajua maana ya sarufi, hujifunza kwamba *nilimuuza* humfanya mtu kuwa bidhaa na *nilimuuzia* humfanya kuwa mteja. Kadhalika kumcheka mtu ni kumdhihaki, na kumchekea ni kumwonyesha uso mkunjufu. Kumwomba Mungu ni kusimama mbele yake, na kumwombea maiti ni kusimama badala ya asiyeweza tena kusimama. Tena kumlipa mtu ni kumtia fedha mkononi, na kumlipia ni kumwondolea deni lake kwa mtu mwingine, ambalo huenda hata hajui kwamba limelipwa.

Yako maneno ambayo kauli hii imeganda ndani yake hata hatuioni. Kuambia ni kauli ya kutendea ya *kuamba*, kitenzi cha kale cha kusema, ambacho leo twakiona zaidi katika *ambaye* na *ambacho*. Ndiyo maana huwezi kuambia bila ya kumwambia mtu, kwani kusema kupo peke yake, lakini kuambia hakukamiliki mpaka maneno yamefika sikioni mwa mwenzio. Mkono wa kulia, ambao kwa Kiswahili cha kale ni mkono wa kuume, ni mkono wa kulia chakula. Kutumia, kabla ya kuwa na maana ya kukifanyia kazi kitu, kulikuwa na kungali na maana ya kumpelekea mtu; na leo baba wa Mabawe anapompigia simu mwanawe aliyeko Mwanza na kumwambia "nitumie," hataji fedha wala hataji njia, na mwana anaelewa vyote. Kusaidia nako, ingawa asili yake ni Kiarabu, kumevishwa mwisho ule ule, kana kwamba walioupokea msaada wa lugha ya kigeni waliona kwamba msaada usiomfikia mtu hauwezi kuitwa msaada.

Kiko kitenzi kimoja kilichosimama nje ya utaratibu huu, nacho ndicho kilichoupa uhusika wa Kilatini jina lake. Kupa hakuhitaji kunyambuliwa, kwa sababu mpewa yumo ndani yake tangu kuzaliwa. Hatusemi *nilipa kitabu* tukakusudia kutoa, bali *nilimpa* au *niliwapa*. Hata hivyo ndugu zetu wengi wa Kenya husema *nipee*, wakaongeza *-e-* juu ya mzizi usiokuwa na haja nayo. Watu wa pwani huwasahihisha kwa ukali. Mimi nimeacha kuwasahihisha, kwa kuwa naona wametii hisia iliyo sahihi, kwamba kila tendo linalomfikia mtu lapasa kuwa na alama ya kufika.

Sasa nirudi Mabawe, ambako mtoto hukua na Kihangaza au Kishubi kabla ya kukutana na Kiswahili cha shule. Lugha hizi mbili Malcolm Guthrie aliziweka katika kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha, na Mhangaza hazungumzi na Mrundi kwa mkalimani. Katika lugha za kundi hilo kauli ya kutendea huchukua *-ir-* au *-er-*: kwa Kirundi *kwandika* ni kuandika na *kwandikira* ni kumwandikia mtu. Lakini chombo hakimo katika fungu hilo. Kuandika kwa kalamu ni *kwandikisha*, kwa umbo ambalo sikio la Kiswahili hulidhani kuwa la kusababisha. Kwa hiyo kile ambacho Kiswahili kimekiunganisha, mtu aandikiwaye na kalamu ya kuandikia, lugha za mpakani hapa zimekitenga. Nami naona kwamba mwalimu wa Ngara anayelijua jambo hili ataelewa makosa fulani ya wanafunzi wake kuwa ni mantiki ya lugha ya mama, na atayasahihisha kwa upole zaidi.

Alexandre Kimenyi, mwanaisimu wa Rwanda, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1980 jinsi kitenzi cha Kinyarwanda kinavyoweza kubeba viambishi vya mayambwa zaidi ya kimoja. Mnyarwanda husema *yabimuhaye*, akakipa kitu kiambishi chake na mpewa kiambishi chake. Mswahili hana nafasi ila moja, nayo humpa mpewa, akasema *alimpa* na kukiacha kitu nje. Josephat Rugemalira, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alivichunguza vinyambuo vya Kinyambo cha Karagwe katika tasnifu yake ya mwaka 1993, na kabla yake kidogo, mwaka 1990, Lioba Moshi pamoja na Joan Bresnan waliandika juu ya Kivunjo cha Kilimanjaro, wakathibitisha kwamba huko mtu na kitu huwa na haki sawa mbele ya kitenzi: chochote kati ya hivyo viwili chaweza kufanywa kiima cha kauli ya kutendwa. Kwa Kiswahili twasema *mtoto alinunuliwa viatu*, lakini *viatu vilinunuliwa mtoto* ni maneno yasiyo na mwenyewe. Wengine wamelitazama jambo hili kama kizuizi. Kwangu mimi ni hukumu: penye nafasi moja tu, Kiswahili kimeamua kwamba nafasi hiyo ni ya mtu.

Hukumu hiyo ndiyo ninayoiona ikitenguliwa katika maandishi ya siku hizi. Fungua gazeti lolote, au barua ya ofisi, au risala ya ufunguzi wa mradi, utasoma kwamba vitabu vilinunuliwa kwa ajili ya wanafunzi, kwamba kisima kimechimbwa kwa ajili ya wananchi, kwamba chakula kiliandaliwa kwa ajili ya wageni. Sisemi kwamba maneno haya ni makosa; *kwa ajili ya* ni usemi wa haki, wenye Kiarabu chema ndani yake, na una mahali pake pale tunapotaka kueleza nia. Lakini nia si kufika. Kisima kilichochimbwa kwa ajili ya wananchi chaweza kuwa kikavu, nao wasionje hata tone, na sentensi ikabaki kuwa kweli. Ilhali anayesema *wamechimbiwa kisima* amejitia kifungoni, kwa sababu wananchi sasa ndio kiima, na watu watamwuliza maji yako wapi. Nashuku kwamba ndiyo sababu mojawapo ya usemi ule wa kwanza kupendwa maofisini.

Niliahidi uthibitisho kwamba semi hizi mbili haziwezi kubadilishana, nami nimeupata matangani. Mama akifa na kumwacha mwana, twasema *mama amemfia*, na mwana twasema *amefiwa*. Hapa hapana zawadi, hapana manufaa, wala hapana aliyekusudia kutenda. Kipo kifo kimoja, na mtu aliye hai ambaye kifo kimetua kwake. Sasa jaribu kutumia usemi wa maofisini, useme *mama alikufa kwa ajili ya mwanawe*. Utakuwa umemfanya mama kuwa shahidi aliyejitoa mhanga, na mwana kuwa mtu aliyekombolewa kwa roho ya mzazi wake. Kama *-i-* ingekuwa mkato wa *kwa ajili ya*, kama jina la Bibi Ashton linavyotudokeza, basi kila mfiwa katika nchi hii angekuwa na deni la damu.

Lugha ya ng'ambo ya mpaka imepita njia nyingine. Mrundi aliyefiwa na mtoto hasemi kwamba mtoto amemfia. Husema *gupfusha*, kitenzi cha kufa chenye umbo la kusababisha, ambalo ukilitafsiri neno kwa neno ni kama kusema kwamba mzazi amefisha. Hapana Mrundi anayesikia tuhuma ndani yake. Lakini nimekaa katika matanga ya hapa Mabawe, majivu ya moto wa usiku yakiwa bado yana joto, nikawasikia wazee wakilitamka neno lile na wajukuu wao waliotoka Mwanza wakitoa pole kwa Kiswahili, na nikaona kwamba ni uchungu ule ule ulioingia katika kitenzi kwa milango miwili: huku mzazi amewekwa mwanzoni mwa kifo, huku amewekwa mwishoni mwake, na katika lugha zote mbili hakuachwa nje.

Yale malalamiko ya maharage niliyaandika upya siku ile ile, juu ya karatasi nyingine. Niliandika: "Mbuzi wa jirani amemlia maharage." Mzee wa nyumba kumi akanitaka nimsomee mara mbili, kisha akamgeukia mwenye mbuzi, aliyekuwa amekaa kimya muda wote ule, akamwuliza, "Umesikia ulivyomfanyia mwenzio?"